Mtoto Mmoja, Jina Lake Sabina

Jumapili, 4 Januari 1852

Mwanangu mpendwa Sabina,

Salamu nyingi zikufikie huko Clare, wewe na mama yako mdogo Onora na wote wanaonikumbuka kwa wema. Hujambo, mwanangu? Kile kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila majira ya matope? Je, unashiba? Niambie ukweli, usinifiche kwa kunionea huruma. Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa magoti. Na jua la huku, koloni ya wafungwa upande wa pili wa dunia, limenikausha uso hata ungenipita njiani usinijue.

Barua ya mama yako mdogo ilifika wiki ya Noeli. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kukatika. Anasema mwezi wa Oktoba, mavuno yenu yakiisha, wao wanahamia Amerika. Nauli yako hawana, na hajui akuache wapi isipokuwa nyumba ya maskini. Nilipofika hapo niliiweka barua mezani nikaenda kukamua ng'ombe, maana ng'ombe hawangoji mtu amalize kulia.

Sasa sikiliza habari njema. Siku ya pili ya Noeli nilimwendea Bwana Gadsby, mwenye shamba hili ninamotumikia kifungo changu, nikamwambia nina binti. Aliniangalia kama mtu anayepima gunia kwa macho, kisha akasema, "Winny, maliza mavuno haya bila kosa. Utapata cheti chako, na mimi nitatia sahihi ombi lako kwa serikali, mtoto aletwe." Cheti ni karatasi ya kumruhusu mfungwa ajitafutie kazi anapotaka ingawa miaka yake haijaisha. Mwenye cheti na bwana wa kumsemea, serikali humletea mwanawe kwa meli bila nauli. Wapo walioletewa. Nimewaona kwa macho yangu.

Basi nimeona niandike kidogo kidogo mpaka mavuno yaishe, nikutumie daftari zima kwa meli ya Machi. Daftari hili kanipa Bibi Gadsby. Kurasa nne za mwanzo ni maelezo ya kupika jamu. Usizichane, ni jamu nzuri.

Jumanne, 6 Januari

Tumeanza shamba la mtoni. Wanaume wanakata kwa mundu, sisi wanawake tunafuata nyuma tukifunga miganda. Joto.

Ijumaa, 9 Januari

Nikueleze habari za Esther Brannock, maana utamsikia sana. Ni mtu wa Dublin, tulikuja meli moja, na jikoni tunalala chumba kimoja. Aliiba mapazia ya bibi mmoja yakiwa bado yananing'inia dirishani, na hata leo anasimulia kwa fahari jinsi yule bibi alivyoamka akashangaa jua limeingiaje. Sisi wa mashambani anatuona wajinga wa matopeni. Mimi ananiita Mama Kondoo.

Leo kaanza asubuhi mbele ya wavunaji wote. "Mama Kondoo! Huyo mganda unaufunga au unaubembeleza?"

"Naufunga, shoga. Ungekuwa pazia ungekuwa umeshaubeba wewe."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akajikata kidole. Esther naye akacheka. Hanuni, hilo nampa. Lakini ndani ya moyo wangu, Sabina, nina kinyongo naye cha miaka miwili na nusu, na Mungu anajua sababu.

Jumanne, 13 Januari

Nyama ya kondoo asubuhi, mchana na jioni. Mabaki wanatupiwa mbwa. Kondoo mmoja tu nilimchukua kwa mwenye ardhi yetu, mwaka ule baba yako alipokufa kwa njaa na wewe ukawa huna nguvu za kusimama, na kondoo yule amenipa miaka kumi. Hapa ninaacha nyama sahanini kwa kukinai, kisha naona haya, naila.

Jumapili, 18 Januari

Hakuna padri huku. Nimesali rozari mtoni peke yangu. Niliporudi Esther alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi. Anangoja ruhusa ya serikali ili aolewe na Tobias, mchunga kondoo wa hapa, baada ya Pasaka, kwa hiyo siku hizi anafanya kila kitu huku akiimba. Nilimwambia habari ya ombi ambalo Bwana Gadsby atalitia sahihi. Akaacha kuimba.

"Winny. Umesahau ulichomwambia karani?"

"Sijasahau."

"Kimeandikwa, dada. Kile kitabu hawakichomi."

Nikaingia ndani, nikajifanya natafuta chumvi.

Mwanangu, nilikuwa nimepanga usilijue jambo hili mpaka tuonane, au usilijue kabisa. Lakini siwezi kukuita uvuke bahari yote hii uje kwa mtu usiyemjua. Mama yako mdogo anasema unajua kusoma sasa, basi sehemu hii isome mwenyewe.

Tulipokuwa melini, wiki chache kabla ya kufika, Esther alituketisha sisi wa mashambani akatuambia, "Msijitie ujinga nyie. Mkishuka mtaulizwa mmeacha nani nyumbani. Ukitaja mtoto, wanaandikia parokia yako, na parokia inamzoa kumpeleka nyumba ya maskini. Semeni hamna mtu." Alilisikia hilo gerezani, akalibeba kama lilivyo. Wengine walimcheka. Mimi nilimwamini, kwa sababu ile nyumba niliijua. Niliona mkokoteni uliokuwa ukitoka mlangoni pake kila asubuhi, na niliona miguu midogo chini ya turubai.

Tukashushwa. Karani alikuwa na kitabu kikubwa kama altare. Dini? Kazi? Ulifanya kosa gani? Kisha, "Watoto?"

Nikasema, "Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Daktari aliyekuwa akitupima urefu akanitazama tumbo, akasema, "Hujawahi kuzaa?" Nikasema sijawahi.

Mara tatu, Sabina. Petro alisikia jogoo akawika. Mimi nilisikia kalamu ikikwaruza, basi. Nilijiona mwerevu, nimekuficha mahali ambapo hawatakufikia. Baada ya mwezi nikajua kwamba wanawake waliotaja watoto wao hawakupatwa na lolote. Yalikuwa maneno tu.

Hicho ndicho kinyongo changu na Esther. Ingawa ulimi ulikuwa wangu.

Jumanne, 20 Januari

Miganda mia mbili na kumi, mimi peke yangu.

Jumamosi, 24 Januari

Upepo wa kaskazini, kama mtu amefungua mlango wa tanuri. Moshi mlimani, mikalitusi inaungua upande wa pili wa mto. Wanaume wote wameshinda na matawi mabichi mikononi wakingoja moto uvuke. Haukuvuka.

Alhamisi, 29 Januari

Kasuku weusi wamepita wakilia. Watu wa huku wanasema wakishuka bondeni mvua ipo nyuma yao. Nusu ya ngano bado imesimama.

Nimewaza hivi: pengine hawataangalia kitabu. Watu ni wengi, na vitabu ni vingi. Nikinyamaza, Bwana atatia sahihi, karatasi itaondoka. Wakiangalia je? Watakuta imeandikwa sina hata mmoja, watalitupa ombi, na Bwana atakuwa ameweka jina lake kwenye uongo wangu. Nikisema, wanaweza kunirudisha gereza la wanawake kwa kudanganya serikali, na cheti kikapotea mwaka mzima, na wewe huna mwaka mzima. Nimegeuza geuza hivi mpaka maziwa yameungua.

Jumapili, 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brijidi

Nyumbani leo mnasuka misalaba ya Brijidi kwa matete na mnasema baridi imevunjika mgongo. Hapa ni jua kali na mavuno, na matete sikuyapata, basi nimeusuka wangu kwa mabua ya ngano. Umekuwa wa rangi ya dhahabu, unachekesha kidogo. Nimetoa ile nusu ya kitambaa changu. Unacho chako bado? Ni kile tulichokitandika nje mkesha wa Brijidi ili apite akibariki, nami nikakichana katikati mlangoni pa mahakama ya Ennis, nusu kwako, nusu kwangu. Ukiumwa kichwa kifunge, kinasaidia.

Mchana Bwana Gadsby aliingia jikoni na karatasi. Alikuwa ameliandika ombi kwa mkono wake, mwandiko mzuri, umelala wote upande mmoja. Akanisomea: "Winifred Tuohy, mjane, mama wa binti mmoja." Akaniwekea kidole pa kutia jina langu. Wino ulikuwa tayari.

Niliona pale "mama wa binti mmoja," mwanangu, na mkono ukagoma.

"Bwana," nikasema, "kitabu cha serikali kinasema sina mtoto."

"Karani alikosea?"

"Hakukosea, bwana. Mimi ndiye niliyemwambia."

Nikamweleza yote, ila jina la Esther sikulitaja. Esther mwenyewe alikuwa amesimama kwenye jiko akikoroga chungu ambacho hakikuwa na kitu cha kukorogwa.

Bwana alikunja karatasi mara nne. "Nimewaambia watu mjini kwamba wewe ni mwanamke mkweli," alisema, akatoka. Mlango hakuufunga, na hilo si kawaida yake. Ni mtu wa kufunga milango.

Jumatatu, 2 Februari

Bwana hakuniambia neno. Nimefunga miganda.

Jumatano, 4 Februari

Bibi Gadsby aliuona msalaba wa mabua juu ya mlango wa jikoni. Wao si watu wa dini yetu, nikadhani atauondoa. Aliunyoosha tu, ulikuwa umelala upande.

Alhamisi, 5 Februari

Kasuku weusi tena.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Mungu wangu, mvua gani hii! Ilianza saa sita mchana, na shamba la juu lilikuwa limekatwa, miganda imelala chini bado. Ngano ikilala kwenye maji siku mbili inaota, na mkate wake unakuwa gundi. Tulitoka wote, hata Bibi Gadsby na kofia yake ya kanisani kwa kuwa ndiyo aliyoikuta mlangoni. Tulisimamisha miganda sita sita, vichwa vikikutana juu kama watu wanaonong'onezana, na wa saba tukaulaza juu kama paa. Sketi zetu zilikuwa nzito kwa matope. Esther alianguka mara mbili, mara ya pili akabaki ameketi akipiga kelele, "Dublin! Ningekuwa Dublin nimeketi kwenye jela kavu!"

Nikajikuta nasimamisha mstari mmoja na Bwana, yeye upande ule, mimi huku. Akasema bila kuniangalia, "Ungeweza kunyamaza. Ningetia sahihi, na nisingejua."

"Ndiyo, bwana."

"Basi kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu kwenye kitabu hicho mwanangu hajazaliwa."

Tulimaliza mstari. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye ndevu. Akasema, "Nyanyua huo wa mwisho, unazama," nasi tukaunyanyua pamoja.

Sijui kama hilo lilikuwa jibu.

Ijumaa, 13 Februari

Kifua kinabana. Esther kanipaka mafuta ya kondoo ya moto na kunifunga flaneli yake ya sufu. Nikamuuliza mbona ananitendea wema. "Nataka unyamaze kukohoa, nilale," alisema. Kisha, akiwa amenipa mgongo: "Mimi nilidhani ni kweli, Winny. Lile la parokia. Nilidhani nawasaidia."

Nilimwambia najua. Na nilipokwisha kulisema nikaona kwamba nilikuwa najua siku zote.

Alhamisi, 19 Februari

Jua limerudi. Ngano nyingi imepona.

Jumatano ya Majivu, 25 Februari

Sina padri wa kunipaka, nikajipaka majivu ya jiko. Esther akaniambia, "Nipake na mimi, ingawa mimi ni jivu kuanzia unyayoni." Tukasali pamoja kwa mara ya kwanza. Salamu Maria anaikosea katikati, anaruka mstari mzima. Sikumsahihisha.

Jioni Bwana alisema, "Jumatano ijayo nakwenda mjini kwa hakimu. Utakuja. Utaapa ulichoniambia, na atakachoamua ataamua." Karatasi ilikuwa mkononi mwake. Alikuwa ameinyoosha, lakini ile mikunjo minne bado inaonekana.

Jumapili, 29 Februari

Wavunaji wamekata shada la mwisho. Nimesali Rozari zote tatu. Sili wala silali vizuri. Niombee, hata kama utasoma haya yakiwa yamekwisha kupita.

Jumatano, 3 Machi

Naandika haya kwa penseli mahabusu, mchana, wameniruhusu. Usiogope neno hilo. Soma mpaka mwisho.

Tulikwenda kwa gari la farasi, Bwana mbele, mimi nyuma, na Esther na makasha ya siagi ya kuuzwa. Njia nzima Esther hakutania, ndipo nilipojua mambo ni makubwa.

Hakimu ni mzee mwenye mafua, leso mezani mbele yake. Karani akaleta kitabu. Kilikuwa kile kile! Akasoma kwa sauti: "Hana mtoto hata mmoja." Kusomewa hivyo mbele ya watu, Sabina, ilikuwa kama kusomewa kifo.

"Kwa hiyo," akasema hakimu, "ama ulidanganya wakati ule, ama unadanganya sasa. Nitajuaje ni lini?"

Nikatoa barua ya mama yako mdogo. Akasema barua anaweza kuiandika mtu yeyote. Nikatoa kitambaa. Akakigeuza kwa ncha ya kalamu, akasema hicho ni kitambaa. Kweli, ni kitambaa. Nikakikunja. Bwana Gadsby akasema ananishuhudia kwa kazi na tabia njema. Hakimu akamuuliza, "Na mtoto, umemwona?" Bwana akasema hapana.

Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mheshimiwa, naomba kusema."

"Na wewe ni nani?"

"Mwizi wa mapazia, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Hakimu alipiga meza, lakini alipiga polepole.

Esther akaja mbele, mikono inanuka siagi. "Huyu mama nililala ubavuni pake melini siku mia moja na kumi. Kila asubuhi alitoa hicho kitambaa akakitajia jina. Sabina, Sabina. Nilimwambia anyamaze, tumechoka na Sabina. Siku ya kuzaliwa mtoto hakula, akasema leo anatimiza kumi. Sasa mtu atamlilia mtoto wa uongo siku mia na kumi, na asimwambie karani? Si angemtaja kwa karani ili afaidike?"

"Kwa nini basi alimficha?"

Nilitaka kumvuta sketi. Nilijua anakwenda wapi, na nilijua kinachomngoja baada ya Pasaka.

"Kwa sababu mimi niliwaambia wote wafiche," Esther akasema. "Nikawatisha na nyumba ya maskini. Kosa ni langu, mheshimiwa. Yeye kosa lake ni kuniamini, na ni mtu wa mashambani, hawajui kutomwamini mtu."

Hakimu alipenga kamasi kwa muda mrefu sana. Kisha akatoa hukumu. Mimi, kwa kuidanganya serikali, siku kumi za kufua nguo za wafungwa hapa mjini, na cheti changu kingoje mpaka Juni. Esther, kwa kuwafundisha wengine uongo, ruhusa yake ya kuolewa icheleweshwe miezi sita. Esther alisema, "Asante, mheshimiwa," kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Na ombi?" Bwana Gadsby akauliza.

"Ombi liondoke na meli ya mwezi huu. Mtoto hakumdanganya mtu yeyote." Kisha akamwambia karani achukue kalamu.

Nikaomba nione. Karani hakupenda, lakini akakigeuza kitabu. Yale maneno ya zamani yamepigwa mstari, na juu yake, kwa wino mbichi unaong'aa, nimesoma mwenyewe bila kusaidiwa: Mtoto mmoja, jina lake Sabina, miaka kumi na miwili.

Nilisubiri pale mpaka wino ukakauka. Hakuna aliyenifukuza.

Jumatano, 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrisi

Nimerudi shambani tangu Jumamosi. Mikono imechubuka kwa magadi, ndiyo maana mwandiko huu umelala. Nilimkuta Esther kizingitini na viazi vyake.

"Karibu, mhalifu," akasema.

Nikamuuliza Tobias amelipokeaje. "Amesema kondoo wake wamemfundisha kungoja. Sasa mimi sijui ananisifu au ananitukana." Kisha akaniuliza kama wewe unajua kushona, maana harusi imekuwa ya Oktoba na yeye gauni hana. Nikamwambia hata meli ikienda vizuri hutakuwepo hapa kabla ya mwaka mpya. Akafikiri, akasema, "Basi nitaolewa mwaka mpya. Miezi mitatu zaidi haitamuua Tobias."

Bwana Gadsby anapeleka sufu bandarini kesho na daftari hili litakwenda naye. Leo alinikabidhi hati ya kuonyesha kwamba ombi limepokelewa. Ametia sahihi pale chini, na mkwaruzo wa kalamu umepita upande wa pili wa karatasi.

Mwanangu, sasa umejua yote. Nilikukana mara tatu, kwa hofu ya kijinga, nami nimekukiri mara moja, na Esther ndiye aliyenishika mkono. Serikali ikikubali, watu watakuja kukuuliza kama unataka kupanda meli. Usiseme ndiyo kwa sababu mama yako mdogo anaondoka, wala kwa sababu mimi nakulilia. Kama moyo wako umeumia, sema umeumia, nitaupokea. Ukija, njoo na nusu yako ya kitambaa na viatu vizito, na usiogope kasuku weusi, wanapiga kelele tu.

Msalimie mama yako mdogo, mwambie namshukuru kwa kila kipande cha mkate aliokupa. Msalimie mwalimu aliyekufundisha kusoma. Mungu akufunike.

Tafadhali nijibu upesi, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja.

Mimi mama yako,
Winifred Tuohy